Mzazi Anapotokwa na Damu Kisiwani: Maswali na Majibu

Kwa nini dharura ya uzazi ni ya hatari zaidi katika visiwa vya Lamu?

Mama aliyekuwa na afya njema anaweza kufariki ndani ya saa 2 damu inapomtoka kwa wingi baada ya kujifungua, ilhali safari ya kutoka Kiwayu au Kizingitini hadi hospitali kubwa ya kaunti mjini Lamu hutegemea chombo, nahodha, mafuta na maji. Manahodha wanaopita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari baina ya Manda na bara, huhesabu kujaa na kupwa kabla ya kuondoka. Msimu wa kusi bahari huchafuka, na wako wasiokubali kutoka usiku, siwezi kuwalaumu.

Je, boti ya wagonjwa haitoshi?

Inasaidia sana, lakini kabla ya boti kuna njia ya kwendea gatini. Mgonjwa hubebwa na watu wanne juu ya kitanda cha kamba, katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Wakifika maji yamekupwa, ngazi za chini zina ukoga unaoteleza na chombo kimesimama mbali, basi hupitishwa mkono kwa mkono huku mmoja wao maji yakimfika kiunoni. Tena boti isiyo na muuguzi wala dawa ni usafiri tu. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu, huhitaji kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na zahanati inayokatikiwa umeme hushindwa kuitunza.

Muda mwingi zaidi hupotelea wapi?

Kwa maoni yangu, hupotelea nyumbani. Mume yuko baharini akivua, na wazee wanamngoja arudi atoe ruhusa. Au pesa zinatafutwa kwanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura, kwa hiyo ukosefu wa pesa usimzuie mgonjwa kuondoka.

Tutajuaje kuwa damu imezidi?

Pedi 2 au 3 zikilowa chepechepe ndani ya dakika 20 hadi 30, hiyo ni dharura. Wanaotumia vitambaa wasivifue wala kuvitupa, bali wavihifadhi mkunga avione. Kizunguzungu, jasho la baridi na mapigo ya moyo kwenda mbio ni dalili kwamba mmechelewa tayari.

Tufanye nini tukingoja chombo?

Mlazeni chali, mfunikeni apate joto, na asiachwe peke yake. Aende haja ndogo, kwa kuwa kibofu kilichojaa huzuia mji wa mimba kujikaza, na mtoto awekwe kwenye titi, maana kunyonya huusaidia. Kondo la nyuma likiwa limekwisha kutoka, sugueni tumbo chini ya kitovu mpaka mji wa mimba uwe mgumu. Likiwa bado limo ndani, mtu asivute ukamba wa kitovu cha mtoto, na mama asitiwe kitambaa ukeni.

Maandalizi yaanze lini?

Yaanze mimba ikiwa na miezi 7. Mume atoe ruhusa yake mapema, mbele ya mama yake na mama mkwe, nahodha ajulikane na mafuta yawekwe akiba, na watafutwe jamaa wawili walio tayari kutoa damu. Aliyewahi kutokwa na damu nyingi, kupasuliwa, au anayetarajia pacha, ahamie kwa jamaa zake mjini Lamu wiki za mwisho, angali anaweza kushuka ngazi za gati kwa miguu yake mwenyewe.