Kwanza tafuta kiegama

Mwanafunzi akiniletea swali la pembetatu mraba, namba zake sizisomi kwanza. Natafuta kile kijisanduku kidogo kilichochorwa kwenye kona, kinachoonyesha nyuzi 90. Nikishakiona, jicho linavuka hadi upande wa pili, kwenye mstari unaotazamana nacho. Huo ndio kiegama (wengine husema hipotenusi), na siku zote ndio mrefu kuliko wenzake wawili. Hapo ndipo nasoma namba.

Nimeshikilia utaratibu huu kwa miaka yote niliyofundisha, maana wengi wanaokosea kanuni ya Pythagoras, yule Mgiriki wa kale, wanaijua vizuri. Wanaighani kama shairi: a² + b² = c², c ikiwa ndiyo kiegama. Shida ni kwamba pembetatu ya kwenye swali haikuzaliwa na herufi hizo. Kuna pembetatu iliyolala ubavu, iliyopinduliwa kichwa chini, na nyingine ambayo herufi c imewekwa kwenye upande mfupi ili kukutega.

Daftari moja nililosahihisha lilikuwa na pembetatu yenye kiegama cha sm 15 na upande mmoja wa sm 9. Mwanafunzi akaandika 81 + 225 = 306, akatafuta kipeuo cha pili, akapata sm 17.49. Hesabu zake zote ni safi, hakuna alipoteleza kwenye kuzidisha wala kujumlisha. Lakini litazame jibu: upande mfupi una sm 17.49, kiegama kina 15. Mdogo kamzidi mkubwa. Pembetatu mraba ya namna hiyo haichoreki.

Alichotakiwa kufanya ni kutoa: 225 − 81 = 144, na kipeuo chake cha pili ni 12. Basi kabla ya kugusa kalamu jiulize, ninachotafuta ni kiegama au sicho? Kama ndicho, jumlisha. Kama sicho, toa mraba wa upande mfupi kutoka kwenye mraba wa kiegama.

Wajanja nao wana mtego wao. Wamekariri 3, 4, 5, kwa hiyo wakiona 3 na 4 tu wanaandika 5 na kufunga daftari. Je, kama hiyo 4 ndiyo kiegama? Upande uliobaki ni kipeuo cha pili cha 16 − 9, yaani cha 7, ambacho ni kama 2.65. Sikatazi kukariri, 5, 12, 13 na 8, 15, 17 zimeniokolea muda mwingi. Ila namba kubwa kati ya hizo tatu lazima ikae kwenye kiegama, la sivyo umekariri bure.

Kwa nini miraba, badala ya kujumlisha urefu moja kwa moja? Chora mraba wenye upande wa 7. Kwenye kila kona weka pembetatu mraba yenye pande fupi za 3 na 4, ukizipanga kwa kufuatana, ili kila upande wa mraba ugawanyike kuwa 3 na 4. Mraba mzima una eneo la 49. Kila pembetatu ina eneo la 6, zote nne ni 24. Katikati limebaki umbo la mraba lililokaa mshazari, lililozungukwa na viegama vinne, na eneo lake ni 49 − 24, yaani 25. Kiegama basi ni 5. Anayejumlisha 3 na 4 akapata 7 amesahau kwamba njia ya mkato haiwezi kulingana na ya kuzunguka.

Hapa lugha yetu nayo inatuchezea. Kipeo cha pili cha 9 ni 81. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Herufi moja tu, na nimeshaona majibu yakiharibika kwa sababu yake.

Jibu lisilo namba nzima lisikutishe. Kuna kibao cha udongo cha Babeli, kinachotunzwa Chuo Kikuu cha Yale, chenye umri wa zaidi ya miaka 3500. Kimechorwa mraba wenye upande wa 30 na ulalo wake. Ukigeuza namba iliyoandikwa kwenye ulalo kuwa desimali zetu, unapata kama 42.4264, sahihi hadi nafasi ya nne. Pythagoras alikuwa hajazaliwa.

Ukipewa upande mmoja tu pamoja na pembe, kanuni hii peke yake haikutoshi. Unahitaji saini, kosaini na tanjenti, yaani uwiano wa pande mbili za pembetatu mraba kwa pembe fulani, ambao kikokotoo hukupa. Tuseme pembe ni nyuzi 35 na upande unaoipakana, usio kiegama, ni 8. Upande unaoikabili ni 8 × tanjenti ya 35, kama 5.60. Kiegama ni 8 ÷ kosaini ya 35, kama 9.77. Sasa rudi kwa Pythagoras ukahakiki: 31.36 + 64 = 95.36, na kipeuo chake ni 9.77. Kikokotoo kikikupa saini ya 30 kuwa −0.988 badala ya 0.5, kipo kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kirudishe kwenye nyuzi.

Mwisho, pembetatu mraba wakati mwingine imejificha. Pembetatu yenye pande 13, 13 na kitako cha 10 haina kijisanduku popote. Dondosha mstari wa kimo kutoka juu hadi katikati ya kitako, na zinazaliwa pembetatu mraba mbili. Wengi hufika hapa vizuri, kisha wanatumia 10 nzima na kupata kipeuo cha 69. Kitako kimekatwa nusu: ni 5, kiegama ni 13, na kimo ni 12.