Virusi havijala kazi yako, usifomati flashi

Wiki hii peke yake nimepokea wateja wanne wenye kilio kimoja: "Fundi, virusi vimekula kazi yangu." Wa mwisho ni mwanafunzi wa chuo, zimebaki siku mbili awasilishe utafiti. Pale steshenari alipokwenda kuprinti walimwambia afomati flashi iwe safi. Akafomati, akajaza picha juu yake. Sura tatu zimekwenda, na aliyezifuta ni ushauri ule, wala si virusi.

Virusi vya shotikati (njia ya mkato, ikoni inayofungua kitu kilichopo kwingine) havifuti kazi yako, vinaificha. Ukikuta kila folda ina kimshale kwenye kona na uzito wa KB 1 au 2, hiyo si folda yako. Yako ipo mlemle, imebandikwa alama ya kufichwa na ya faili la mfumo, kwa hiyo Windows haikuonyeshi. Virusi vingine hukusanya kila kitu ndani ya folda moja isiyo na jina. Bofya kulia kwenye flashi utazame nafasi iliyotumika. Ya yule kijana ilisoma GB 5 kabla hajafomati, aliiona kwa macho yake. Flashi tupu itoe wapi GB 5?

Mtego ni kile kimshale. Ukikibofya, unaamsha skripti, yaani programu ndogo, iliyojificha humo. Inajinakili kwenye kompyuta, inajiweka iwe inaanza kila mashine inapowashwa, halafu inakufungulia folda yako kama kawaida ili usishtuke. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa inaambukizwa. Mashine moja ya steshenari inatosha kuambukiza darasa zima.

Dawa: chomeka flashi kwenye kompyuta safi, usibofye kitu, ipitishe kwenye antivirusi. Kisha fungua cmd (dirisha la Windows la kuandikia amri) uandike

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ukiibadilisha kwa herufi ya flashi yako. Folda zitarudi. Nakili kazi mahali pengine, ndipo ufomati ukitaka. Kompyuta iliyoambukiza nayo isafishwe, la sivyo unatwanga maji kwenye kinu. Na nawasihi kila siku: ukienda kuprinti, beba PDF kwenye flashi ya kuprintia tu, kazi yenyewe ibaki nyumbani.

Sasa kauli potofu ninazozisikia kwa wateja.

"Siingii intaneti, niko salama." Virusi vya Brain, kutoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, vilisambaa kwa disketi, zama ambazo watu wa kawaida hawakuwa na intaneti. Virusi vya Stuxnet, vilivyogunduliwa 2010, vilitengenezwa vienee kwa flashi.

"Antivirusi mbili ni bora kuliko moja." Zinagombana na kuifanya mashine iwe nzito. Weka moja, isasishwe. Ile ya kuvunjwa leseni uliyopewa na rafiki ndiyo mara nyingi huja na virusi ndani.

"Kompyuta ikiwa nzito, ina virusi." Nyingi ninazofungua zina hadidiski iliyochoka au RAM ya GB 2.

"Sasisho za Windows zinamaliza bando tu." Virusi vya WannaCry vilipolipuka Mei 2017 na kukwamisha hospitali za Uingereza, Microsoft walikuwa wameziba tundu la Windows vilimopitia tangu Machi. Waliokuwa wamesasisha mashine zao havikuwaingia kwa tundu hilo. Bando likikubana, leta mashine ofisini, tutaisasisha hapa.