Mpagani ana dini

Upagani mamboleo ni jina la jumla la dini zilizoundwa au kufufuliwa hasa katika karne ya 20, nyingi zikiwa Ulaya na Marekani, kwa kuchota kwenye ibada zilizokuwepo kabla ya Ukristo. Nyingi zina miungu zaidi ya mmoja. Mwanzilishi wa pamoja hazina, wala kitabu kimoja kitakatifu. Basi, maana ndiyo hiyo. Kinachosumbua ni neno lenyewe.

Katika mazungumzo, "mpagani" amegeuka kuwa mtu asiyesali popote. "Sina dini, mimi mpagani tu." Kisha msemaji huyohuyo anasikia kwamba Iceland kuna jumuiya ya wapagani iliyosajiliwa na serikali, anabaki kushangaa: wasio na dini wanasajilije dini?

Neno linatoka Kilatini, paganus, yaani mtu wa pagus. Pagus ilikuwa wilaya ya mashambani. Maelezo yanayorudiwa kila mahali ni kwamba Ukristo ulishika miji kwanza, wanavijiji wakachelewa, ndiyo maana "mwanakijiji" likawa jina la asiye Mkristo. Maelezo ni matamu lakini yana tundu. Katika karne ya 4, neno liliposhika maana hiyo, watetezi wakubwa wa miungu ya kale walikuwa mabwana wa mjini. Symmachus, aliyemwandikia kaisari mwaka 384 akiomba madhabahu ya mungu wa Ushindi irudishwe kwenye ukumbi wa Seneti, alikuwa mkuu wa jiji la Roma. Huyo si mwanakijiji.

Ipo maana nyingine iliyotangulia. Askari wa Kirumi walimwita paganus mtu yeyote asiye askari: raia, mtu wa nje ya kambi. Mwaka 69, vitani karibu na mji wa Cremona, Italia, kamanda Antonius Primus aliwachoma askari waliowahi kuwa walinzi wa kaisari kwa neno hilohilo: msiposhinda, ninyi ni pagani tu. Wakristo nao walijiita askari wa Kristo, na aliyebaki nje ya jeshi hilo akawa paganus. Wanazuoni bado wanavutana kuhusu maelezo haya mawili, ila kwa yote mawili neno linamtaja mtu kwa kile ambacho si. Halisemi hata kidogo kwamba hana cha kuabudu. Kaisari Julianus, aliyetawala 361 hadi 363 na kujaribu kurudisha ibada za kale, hakujiita mpagani. Watu wa imani yake aliwaita Wahellene, yaani Wagiriki.

Kiswahili kina mengine mawili ya kundi hilo, na yote huchanganywa. Kafiri ni la Kiarabu, kutoka shina lenye maana ya kufunika: anayeifunika kweli. Ushirikina ndilo linaloniuma zaidi. Shina lake ni lilelile la shirika na kushiriki, na maana yake ya asili ni kumpa Mungu washirika. Kwa hiyo kati ya maneno yote tuliyo nayo, hili ndilo lililokuwa karibu zaidi na imani ya miungu mingi. Leo ukilitamka, watu wanafikiria hirizi na waganga. Limeshapotea hilo, halirudi, na hata lingerudi lingebaki neno la lawama. Ndiyo maana afadhali kusema kwa urefu: imani ya miungu mingi.

Hata hiyo si sawa na upagani. Imani ya miungu mingi ni suala la hesabu: miungu ni zaidi ya mmoja. Wapo wanaoshikilia kwamba kila mungu ni nafsi yake, na wapo wanaosema wote ni sura za uungu mmoja. Tena wapo wapagani wachache wanaoichukulia miungu kama ishara tu. Hao angalau wanakaribia yule mpagani wa mitaani, ingawa nao wana sikukuu na ibada.

Tazama ibada ya wanaofufua dini ya kale ya Ugiriki. Kijinga cha moto huzamishwa kwenye bakuli la maji, watu wakanawa mikono kwa maji hayo. Punje za shayiri hurushwa madhabahuni. Divai ya kwanza humwagwa kwa Hestia, mungu wa kike wa meko, na ya mwisho pia ni yake. Katikati ndipo wageni hukosea. Kinywaji cha miungu ya Olimpo, yaani miungu wakuu wa juu, ni sponde: unamwaga kiasi, unakunywa kilichobaki, maana mnashiriki karamu. Cha wafu na miungu ya kuzimu ni khoe: kinamwagwa chote ardhini na hakuna anayeonja. Ukikinywa, umejialika mezani pa wafu. Asiye na dini hahitaji kujua tofauti hiyo.

Kufufua nako kuna shida zake. Ile jumuiya ya Iceland, Ásatrúarfélagið, ilianzishwa 1972 na Sveinbjörn Beinteinsson, mkulima na mshairi, ikatambuliwa 1973. Lakini habari nyingi za miungu yao ziliandikwa na Wakristo katika karne ya 13, ilhali nchi ilipokea Ukristo karibu mwaka 1000. Pengo la miaka mia mbili hujazwa kwa kukisia, na waungwana husema wazi wapi wamekisia. Wicca, iliyotangazwa na Mwingereza Gerald Gardner baada ya sheria ya Uingereza dhidi ya uchawi kufutwa mwaka 1951, ilidai kurithi dini ya siri isiyokatika. Wanahistoria wameikataa nasaba hiyo. Wicca ni dini mpya, na wafuasi wake wengi leo hawaoni aibu kukiri. Wala Wicca si upagani wote; ni tawi moja.

Dini za Kihindu na Shinto, dini ya jadi ya Japani, hazimo katika upagani mamboleo. Hazikufa, basi hazina cha kufufuliwa, na wafuasi wake hawakuomba jina hilo.

Anayemwita jirani yake asiyesali "mpagani" hajavunja sarufi. Matumizi hayo yameshazoeleka. Ila kwenye habari zinazohusu Iceland, au Ugiriki, ambako serikali ilizitambua ibada hizo mwaka 2017, neno hilo linampotosha msomaji. Anayekataa kuwepo kwa Mungu ni mkanamungu. Asiyefuata dini yoyote ni mtu asiye na dini, na inatosha kumwita hivyo.