Usimnyang'anye daftari la nyimbo: kwa familia za wanaoishi na nafsi zaidi ya moja

Kila tunapokaribia tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, kitengo chetu cha afya ya akili hapa Mombasa huombwa makala ya sonona, ya dawa za kulevya, ya wanafunzi na mitihani. Mara hii nimeomba niandike juu ya jambo linaloonekana dogo, kwa sababu malalamiko yake yamezidi mezani pangu. Watu wanaoishi na nafsi zaidi ya moja wananyang'anywa simu na madaftari yao ya nyimbo. Daftari moja linachomwa, jingine linapigwa picha likarushwa kwenye kundi la familia, na kabla ya magharibi jirani ameshaliona. Wanaofanya hayo ni mama, kaka na shangazi, watu wenye mapenzi na hofu ya kweli. Kwa hiyo naandika kwa adabu, ingawa sitaficha kwamba jambo hili limenichosha.

Simzungumzii mtu aliyeamka na hasira leo na kesho akawa mpole. Namzungumzia mtu ambaye ndani yake wamo wenzake, kila mmoja na umri wake, sauti yake na kumbukumbu zake. Hupokezana zamu ya kusema na kutenda, na pengine wa leo hajui wa jana alifanya nini. Mara nyingi mzizi wake ni madhila ya utotoni yaliyojirudia. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliiita hali hii haiba nyingi mwaka 1980, ukaibadilisha jina mwaka 1994 ikawa tatizo la utambulisho uliogawanyika. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika tangu Januari 2022, imeipa namba 6B64. Skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mwenyewe huweza kusikia sauti zisizokuwepo na kushikilia imani zisizo za kweli, ni 6A20. Naziandika namba hizi kwa sababu kila wiki naulizwa kama ni ugonjwa mmoja. Si mmoja. Hata matibabu yake hayafanani: skizofrenia ina dawa zake, ilhali nafsi nyingi hazina kidonge chake maalumu, na tiba yake kubwa ni mazungumzo ya muda mrefu.

Sasa daftari. Mfano huu nimeuunganisha kutoka kwa watu kadhaa, na kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimekibadilisha.

Msichana wa miaka ishirini na kitu, fundi cherehani, aliletwa na mama yake. Kabla sijamaliza salamu, mama alishaliweka daftari mbele yangu. "Daktari, tazama mwenyewe. Hati tatu. Huu ndio mkono wa mwanangu. Huu na huu ni wa nani?" Ulikuwa wimbo mmoja wa mapenzi ulioandikwa mara tatu. Mara ya kwanza kwa wino wa buluu, beti zote, mistari imenyooka kama mshono wa cherehani. Mara ya pili kwa penseli, kiitikio peke yake, herufi kubwa za mtoto wa darasa la pili, na neno la kumwita mtu arudi limepigiwa mstari hadi karatasi ikachanika. Mara ya tatu mstari mmoja tu, na mbele yake alama ya kuuliza.

Sikumjibu mama. Nilimwuliza binti: "Huu wimbo, nani anaupenda?"

Alikaa kimya, akivuta uzi uliochomoza kwenye ukingo wa mtandio wake. Kisha akasema: "Sote. Lakini kila mtu ana wake."

Ikawa kama saa nzima ya kuelezwa. Kwake yeye mwenye wino, wimbo ni wa mchumba aliyeondoka. Kwa mdogo mwenye penseli hakuna mchumba, yule anayeitwa arudi ni bibi, mzaa mama, aliyemlea hadi alipofariki. Wa tatu ni mwanamume, mkali, na kazi yake humo ndani ni kulinda. Yeye haamini ahadi iliyomo katika ule mstari, ndiyo maana akaweka alama ya kuuliza. "Huyo hamwamini mtu anayesema atakuja." Mama alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya leso. Hakuwahi kujua kwamba mwanawe alikaa dirishani akimngoja bibi baada ya mazishi, kwa kuwa hakuna mtu aliyemweleza kwamba bibi harudi. Daftari lililoletwa kama kielelezo cha mashtaka ndilo lililotuambia hayo.

Lugha yetu yenyewe inasaidia. Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Anayeimba kwamba anampenda mtu anaweza kuwa baba wa miaka hamsini au binti wa kumi na minane, na anayependwa hali kadhalika, hadi litajwe jina. Kwa mtu ambaye ndani yake wamo wa kike, wa kiume, wakubwa na wadogo, wimbo wa namna hii una nafasi ya kila mmoja na hamfukuzi yeyote. Na yule "wewe" wa kwenye wimbo si lazima awe mtu wa nje. Nimesikiliza watu wengi ambao "wewe" wao ni mwenzao wa ndani aliyenyamaza miaka, na wimbo ndiyo njia pekee waliyoipata ya kumwita. Wapo wengine wanaozipenda nyimbo za kwaya na za vikundi, za "tu" badala ya "ni", kwa sababu humo wanajisikia wametajwa kwa idadi yao.

Tena haya si mageni pwani. Taarab ina zaidi ya karne moja kwetu. Kikundi cha Ikhwani Safaa cha Unguja kilianzishwa mwaka 1905, na kwa miaka yote hiyo msikilizaji amekuwa mshiriki. Mwanamke huinuka katikati ya ubeti, noti mkononi, akajongea kwa madaha kwenda kumtunza mwimbaji, na ukumbi mzima ukajua kwamba ubeti ule ameuchukua yeye, na labda anayesemwa ameketi safu ya pili. Mtunzi alikuwa na sababu zake alipotunga. Mwenye kutunza ana zake. Hakuna anayemwambia huyo mama kwamba ameelewa vibaya au amepagawa. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua, nasi tumelelewa kugangua. Mbona ruhusa hiyo tunamnyima anayeugangua ubeti mmoja kwa nafsi tatu?

Wazee watanikumbusha pepo, na wana haki. Katika ngoma za pepo za pwani na visiwani, kibuki, rubamba na nyinginezo, kila kabila la pepo lina nyimbo zake, na pepo hupanda kichwani mwa kiti chake, yaani mtu anayepandwa naye, zinapopigwa zake, si za mwingine. Waliozianzisha walijua kwamba wimbo ni mlango. Hata hivyo naomba mambo haya mawili yasichanganywe. Pepo huhesabiwa kuwa mgeni kutoka nje, na mara nyingi kuna jamii nzima inayomjua, inayomkaribisha na kumuaga. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba mtu mwenye hali zaidi ya moja za nafsi, kama mganga au kiti katika desturi inayokubalika, asipewe jina la ugonjwa ikiwa hali hiyo haimtesi wala haimharibii maisha. Mwongozo wa Marekani nao tangu 2013 unakiri kwamba katika tamaduni fulani nafsi nyingi zinaweza kujitokeza kwa sura ya kupagawa. Kwa hiyo swali letu hospitalini halijawahi kuwa "ni jini au si jini". Tunauliza: anateseka? anapoteza saa na siku? anajidhuru? ameshindwa kazi au shule? Kama majibu yote ni hapana, na yeye mwenyewe anajiita "sisi" akala akalala akaamkia kazini, sina ugonjwa wa kuandika kwenye faili. Wanaotaka kusomewa Kurani au kuombewa kanisani wasomewe na waombewe, sina pingamizi. Kumpiga, kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumfukiza moshi hadi akohoe damu hakumo katika dini yoyote niijuayo, na akiletwa na majeraha hayo nitayaandika kama majeraha.

Jambo moja lifahamike vizuri, kwa kuwa hata baadhi ya wahudumu wa afya hulikosea. Anayesema "wimbo huu unanihusu" yuko salama, sote tumewahi kusema hivyo. Anayesema "mwimbaji ameutunga wimbo huu ili anitumie ujumbe, na redio inanitaja mimi" anahitaji kuonwa haraka, kwani hiyo huweza kuwa dalili ya ugonjwa mwingine kabisa. Ukimwuliza wa kwanza kama mwimbaji anamjua, atacheka, au atakushangaa. Wa pili atakuonyesha ushahidi. Kuuliza kunachukua nusu dakika, na bado familia nyingi huniletea mtu bila kumwuliza.

Tunazitumiaje nyimbo katika tiba? Tiba ya mazungumzo huenda kwa awamu tatu, mpango ambao mizizi yake ni kazi za Mfaransa Pierre Janet mwishoni mwa karne ya 19: kwanza usalama na utulivu, kisha kumbukumbu zenye machungu, kisha maelewano baina ya nafsi. Nyimbo hufaa zaidi katika awamu ya kwanza. Mtu huchagua wimbo wa kumrudisha hapa na leo, ambao nafsi zote, au nyingi wao, wanaukubali. Anapohisi anayumba huusikiliza, huku akigusa kitu cha baridi na kuitaja siku na tarehe. Wengine huachiana ujumbe kwa nyimbo: anayemaliza zamu huuacha wimbo fulani mwanzoni mwa orodha ya simu, na mwenzake akiamka akaukuta hujua kwamba jana ilikuwa nzito. Mkiifuta orodha hiyo "ili asahau", mmeufuta mkutano wao.

Wimbo huo huo unaweza kuumiza. Uliokuwa ukipigwa nyumbani siku ya ubaya humtupa mtu nyuma miaka kumi na tano kwa sekunde tatu. Kwetu mapokezi palikuwa na redio iliyofungwa juu ya kabati. Asubuhi moja ilianza kupiga wimbo wa zamani, wa kawaida kabisa, na mtu mzima aliyekuwa akijaza fomu akashuka taratibu akaingia chini ya benchi, kalamu bado mkononi, akiongea kwa sauti ya mtoto. Muuguzi aliizima redio, akaketi sakafuni mbali kidogo naye, akamtajia jina la mji na mwaka. Ilichukua dakika arobaini. Hakuna aliyekosea kwa makusudi, lakini sisi ndio tuliopaswa kulifikiria kabla.

Kuhusu kurusha picha na video, naomba msome polepole. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha, ikiwamo habari za familia na mambo binafsi ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Anayevunja sheria hiyo, ambapo hakuna adhabu nyingine iliyotajwa, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kamishna wa Ulinzi wa Data naye ana uwezo wa kutoza hadi milioni 5, au kwa biashara asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Malalamiko hupokelewa kwa maandishi au kwa mdomo, yakitolewa kwa mdomo huandikwa na ofisi, na uchunguzi hutakiwa kumalizika ndani ya siku 90. Ni kweli sheria inayaacha nje mambo ya mtu na nyumba yake. Ila ukishairusha video ya mwanao akibadilika sauti mbele ya umma, usiitegemee kinga hiyo kabla ya kumwona wakili. Na data ya mtoto haiguswi bila idhini ya mzazi au mlezi, tena kwa maslahi ya mtoto. Mzazi kuwa na haki ya kuidhinisha hakumpi haki ya kumwanika.

Anayetaka kuonwa aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apewe barua ya rufaa, aje na kitambulisho na usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya mfuko wa NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Aliye chini ya miaka 18 aje na mzazi au mlezi. Kwanza tutapima kifafa, tutauliza juu ya vileo, dawa na majeraha ya kichwa yaliyotokana na ajali, kwa sababu kupotewa na muda kuna sababu nyingi. Asiandikiwe nafsi nyingi kwa kuwa tu ana hati tatu. Makala hii nayo isitumike kumpimia mtu nyumbani.

Daftari, kama analo na anataka, alilete mwenyewe, mkononi mwake. Hatutoi nakala ya ukurasa wowote bila fomu ya idhini. Sahihi inayotakiwa ni moja, ya mwenye kitambulisho, lakini tutauliza kama kuna mwenzao anayekataa ukurasa fulani, na huo tutauruka. Unaweza kuuliza nawe nyumbani, bila fomu: nani anaupenda huu, na kwake una maana gani? Ukijibiwa "sijui", au "hataki kusema", iachie hapo, umwekee chai.

Redio ya mapokezi siku hizi huzimwa Jumanne, siku ya kliniki hii. Ikiwa siku yako ni nyingine na kuna wimbo ambao mmoja wenu hauwezi, mwambie muuguzi wa dirisha la kwanza. Haitakiwi barua wala sababu.