Pipa likishauzwa, fedha zinakaa wapi?

Nchi zinazouza mafuta nje zina nguvu za aina mbili, na tunapozungumzia mafuta ya Bunyoro, hapa Uganda, mara nyingi tunazichanganya.

Nguvu ya kwanza ni ya kufungua na kufunga. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta, bei ya pipa ilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12 kwa miezi michache tu. Saudi Arabia bado ina uwezo huo kwa sababu haizalishi kiasi chote inachoweza. Sisi hatutakuwa nao. Miradi yetu miwili ya kuchimba mafuta, Tilenga na Kingfisher, ikifika kileleni itatoa mapipa yapatayo 230,000 kwa siku. Dunia inatumia zaidi ya milioni 100. Tena mafuta yetu yana nta na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, lazima lipashwe moto njia nzima. Ada ya kusafirisha inazidi dola 12 kwa pipa, na pipa likiuzwa dola 50 badala ya 80, ada hiyo bado inadaiwa.

Nguvu ya pili ni akiba, nayo ndiyo inayokua. Kuwait ilianza kuwekeza fedha zake nje mwaka 1953. Mfuko wa akiba ya mafuta wa Norway, ulioundwa 1990, sasa unamiliki takriban asilimia 1.5 ya hisa za kampuni zote zilizo kwenye masoko ya dunia. Wengine wamegeuka wakopeshaji: tangu 2023 Kenya inachukua petroli na dizeli kwa mkopo wa siku 180 kutoka kampuni za serikali za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu.

Norway huwekeza fedha hizo nje tu, kwa makusudi. Dola nyingi zikiingia nchini kwa mkupuo, shilingi hupanda thamani. Chukua mkulima wa kahawa wa Masaka ambaye kilo yake inauzwa dola 4. Dola ikiwa shilingi 3,700, kilo hiyo ni shilingi 14,800. Ikishuka hadi 3,300, ni 13,200. Amepoteza 1,600 bila bei ya kahawa duniani kuguswa, na mbolea aliyonunua msimu uliopita hairudishiwi tofauti.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inaijua hatari hii. Mapato huingia Mfuko wa Petroli. Sehemu huenda kwenye akiba ya uwekezaji inayosimamiwa na Benki Kuu, sehemu kwenye bajeti kwa idhini ya Bunge, kwa miradi ya maendeleo na si mishahara. Udhaifu uko hapo hapo: fedha zikishaingia Mfuko Mkuu wa Serikali huchanganyika na kodi nyingine, na ni vigumu kuonyesha shilingi ipi ilijenga barabara na ipi ililipa posho. Kwa hiyo ukisoma bajeti, usiishie kwenye kiasi kilichotolewa. Tafuta orodha ya miradi iliyotajwa kwa jina, kisha ulinganishe na kiasi kilichopelekwa kwenye akiba mwaka huohuo.