Usafi wa Jumamosi: maswali ya vijana wanaookota taka

Kikundi chetu cha vijana Dar es Salaam husafisha ufukwe na mifereji kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Glovu za hospitali zinatosha?

Hazitoshi. Kigae cha chupa huzipasua mara moja. Tafuteni glovu nzito za mpira au ngozi, na yeboyebo zibaki nyumbani. Mferejini vaeni gambuti: maji yenye mkojo wa panya huambukiza homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022, kupitia michubuko. Kiroba kikijaa, msikishindilie kwa mkono wala goti.

Mwenzetu alichomwa na sindano iliyofukiwa mchangani, tukamkamua damu. Tulikosea?

Ndiyo, ingawa karibu kila mtu angefanya hivyo. Kidonda hakikamuliwi, hakinyonywi, hakimwagiwi jiki. Kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Hatari ya VVU kwa sindano iliyotupwa kitambo ni ndogo, lakini mwacheni mtaalamu aamue kama atahitaji dawa za kinga, PEP. Hizo huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Aulizie pia chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini aina B. Na aseme ukweli! Wapo wanaoona aibu wakasema wamechomwa na mwiba, wakarudishwa nyumbani na plasta.

Sindano nyingine mkiiona, ishikeni kwa koleo, itieni kwenye dumu gumu lenye kifuniko.

Makopo na vifuu havinuki. Kuna haja ya kuhangaika navyo?

Sana. Maji ya mvua ya kujaa kizibo tu yanamtosha mbu wa dengue, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana. Yai huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi, kwa hiyo usafi wa mwezi kwa mwezi unamkuta keshapaa. Dar iliugua dengue 2014 na tena 2019. Vyombo vinavyobaki vimwagwe maji kila wiki na kusuguliwa, maana mayai hung'ang'ania ukingoni na huvumilia ukavu kwa miezi.

Tukimaliza tuchome lundo?

Hapana. Moshi wa plastiki ni sumu, na makopo ya dawa ya mbu hulipuka. Gari la taka lipangwe kabla ya kushika reki. Viroba vikilala hapo siku tatu, panya watavifungua.