Kulipa feza ya lupango si kuhamisha lupango

Tangu kiangazi kianze, malalamiko ya mauzo ya malupango, yaani viwanja vya kujengea, yameongezeka kwenye dawati letu la ofisi ya hati za ardhi hapa Lubumbashi, mengi yakitoka pembezoni mwa mji ambako nyumba zinajengwa kila siku.

Mama mmoja alitoa mukanda wake, yaani karatasi yake, kwenye mfuko wa plastiki. Ulikuwa umekunjwa mara nne, hata maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika. Ni mkataba wa mauzo: sahihi ya muuzaji, mashahidi wawili, muhuri wa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. "Papa, feza nilishalipa yote, na shefu alisaini," akasema. Alikuwa mnunuzi wa tatu wa lupango ileile. Wawili waliomtangulia walikuwa na mikanda yenye muhuri uleule, na hakuna hata mmoja wao aliyefika kwa konservateri wa hati za ardhi, yaani afisa anayetunza kitabu cha hati hizo.

Kwa heshima zote kwa mashefu wetu, muhuri wa kartie unaonyesha tu kwamba watu walifika mbele ya shefu wakapatana. Hauhamishi kitu. Fishi ya parseli, ile karatasi ya lupango inayotolewa na komini (utawala wa sehemu ya mji), nayo inaonyesha nani anakaa pale, haionyeshi nani mwenye haki. Tumelisema hili mara nyingi, na bado tunajibiwa kwamba "hapa kwetu ndivyo inavyofanyika".

Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Leta, yaani serikali, peke yake. Anachopata raia ni konsesio, yaani haki ya kuutumia, na hati inayoithibitisha ni sertifika ya uandikishaji. Sertifika hutengenezwa kwa nakala mbili: moja hubaki ndani ya kitabu cha konservateri, nyingine hupewa mwenye haki. Zile nambari za volumu na folio, ambazo watu huzipita bila kuzitazama, ndizo zinazoonyesha ukurasa wa kitabu hicho. (Utaratibu huu unafuata mfumo wa Torrens, ulioanza Australia Kusini mwaka 1858. Sisi hatukuubuni ili kuwasumbua wanunuzi.)

Kwa hiyo kuhamisha, au mutasio kama tunavyosema ofisini, ni kubadilisha ukurasa. Muuzaji na mnunuzi wanafika mbele ya notere, afisa wa kuthibitisha mikataba, ili mkataba wao uwe hati rasmi. Halafu linaandikwa ombi kwa konservateri, likiambatana na mkataba huo, sertifika yenyewe ya muuzaji wala si fotokopi, na vitambulisho vya pande zote mbili. Watumishi wanakwenda kuitazama lupango na majengo yake, na thamani inakadiriwa. Baadaye mnafanyiwa hesabu ya malipo kwenye noti ya kutoza, na malipo hayo yanaingia benki. Narudia: benki. Yeyote anayekuomba uyaweke mkononi mwake, hata akiwa amevaa beji, usimpe. Sertifika ya zamani inafutwa, mpya inatoka kwa jina la mnunuzi. Mpaka hapo, kitabu bado kinamtambua muuzaji, hata kama umekwisha kujenga na kupaka rangi.

Kama muuzaji ana ndoa, mwenzake lazima akubali, kwa maana Kanuni ya Familia inadai ridhaa ya wote wawili. Kama ni mali ya marehemu, warithi watambuliwe kwanza na mahakama. Mkubwa wa familia kusema "mimi ndiye ninayesimamia" hakutoshi.

Tuje kwenye adhabu. Kuuza mali isiyohamishika ambayo si yako ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake ni miezi 3 hadi miaka 5, pamoja na faini. Kughushi maandishi ni miezi 6 hadi miaka 5, na anayetumia karatasi ya kughushi huku akijua naye yumo. Wapo wanaodhani wamejikinga kwa sababu karatasi ilitengenezwa na mtu mwingine. Kuhusu kesi zilizoko mahakamani, ofisi haisemi lolote.

Kijana fundi wa mashine alituuliza kama mambo ni hayo hayo kwa breve ya uvumbuzi, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, kwa sababu mfanyabiashara alitaka kununua yake. Breve haziko kwetu, ziko Wizara ya Viwanda, chini ya sheria ya 7 Januari 1982, lakini msingi unafanana: uuzaji wa breve uandikwe, kisha uingizwe kwenye rejista, la sivyo watu wengine hauwafungi. Na breve ina umri, miaka 20 kuanzia siku ya kuwasilisha ombi, kwa hiyo anayenunua ananunua miaka iliyobaki tu. Tulimshauri pia afikirie leseni, ambayo ni kama kupangisha chumba: nyumba inabaki yake.

Turudi kwenye malupango. Kabla ya kutoa hata arabuni, njoo uombe tukuangalizie kitabuni. Njoo na nambari ya kadastre ya lupango, yaani ile ya daftari la upimaji wa ardhi, kwa sababu jina la muuzaji peke yake halitufikishi mbali. Mama yule alikuja na jina tu. Ilibidi tumrudishe komini ya Ruashi kuitafuta nambari, ambayo muuzaji hakuwahi kumpa.